Mwani Bagamoyo: Faida iko kwenye kamba au kwenye kinu?

MFANYABIASHARA mwenye mtaji mdogo anayetazama mwambao wa kaskazini mwa Dar es Salaam kwa kawaida huulizia viwanja. Wachache huulizia mwani, zao ambalo katika kijiji cha Mlingotini, wilayani Bagamoyo, limekwisha kujaribiwa kwa ufundi mpya na kuacha hesabu inayofaa kusomwa kabla ya kutoa fedha.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, baada ya utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha kikaenea mwambao wa bara katika miaka ya 1990. Vifaa vilikuwa vigingi, kamba na nyuzi za kufungia vipande vya mwani kwenye maji mafupi wakati wa bamvua. Mtaji ulikuwa mdogo, na akina mama ndio walioishika kazi hiyo.

Tatizo lilikuwa aina ya zao. Kotonii, yenye bei nzuri kuliko spinosamu, haivumilii joto la maji mafupi. Ilipokuwa ikifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakulima wa Mlingotini na watafiti, akiwamo Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, waliihamishia maji marefu kwa kamba zinazoelea, zikishikwa na nanga chini na maboya juu.

Mwani ulistawi. Gharama nazo zilipanda: nanga, kamba nyingi zaidi na, kubwa kuliko yote, chombo, kwani shamba la maji marefu halifikiwi kwa miguu.

Hapo mwekezaji asimame kidogo. Mara nyingi kamba zilitolewa na kampuni inayonunua, na mtoa kamba ndiye aliyetaja bei. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi hutoa kilo moja tu kavu, ambayo husafirishwa nje kutengenezwa karajinani, kigandishi cha dawa ya meno, aiskrimu na nyama za kusindika. Wazalishaji wakubwa ni Indonesia na Ufilipino, hivyo bei haipangwi Bagamoyo.

Vikundi vya Zanzibar na Mlingotini vikaanza kusaga mwani na kutengeneza sabuni. Thamani inaongezeka, ila mche mmoja unahitaji unga kidogo sana. Sabuni haiwezi kumaliza mavuno ya kijiji. Kinu peke yake, basi, hakimwondoi mnunuzi wa nje.

Kwa mwenye fedha kidogo, chombo cha kukodisha kwa vikundi kadhaa na chanja za kuanikia vina hesabu nzuri kuliko kinu cha pili. Atakayenunua mwani wenyewe afungue gunia hadi chini: ulioanikwa mchangani huongeza uzito ambao kiwanda hakiulipii, na ulio na unyevu huoza ghalani.