Wanaosimama Kusema na Waliowasimamisha

Limeenea siku hizi jambo ambalo watoto wetu wa Maneromango walilijua mapema kuliko wazee wao. Kijana, au mtu mwenye kazi yake, kama tabibu, mhandisi au mkulima, husimama mbele ya watu akasimulia njia aliyoipita tangu utoto wake hata akafika alipo. Hunena kwa muda mfupi, na walio mbali humwona na kumsikia katika simu ya mkononi. Hata siku ya mahafali, mgeni aliyealikwa kutoka Dar es Salaam au Kibaha hufanya vivyo hivyo. Nasi hatu wageni wa neno hili, maana watu wameshuhudia mambo yao hapa tangu misheni ilipojengwa, mwishoni mwa karne ya 19.

Walakini tumeona jambo. Baada ya hotuba, wengine katika vijana hurudi nyumbani wametiwa moyo, na wengine hurudi wenye huzuni, wakisema, "Yule aliweza peke yake, basi mimi nina kasoro gani?" Neno hilo ndilo lililotufanya tuandike. Twataka kuchungua kama ni kweli kwamba yule msemaji aliweza peke yake.

Desturi hii ya hotuba fupi imeenezwa sana na mkutano uitwao TED, ulioanza California katika nchi ya Marekani mwaka 1984. Kanuni yake ni kwamba msemaji hapewi zaidi ya dakika 18, awe waziri au mtoto wa shule. Tangu mwaka 2006 hotuba hizo zimewekwa katika intaneti bila malipo, na tangu mwaka 2009 miji mingine hupewa ruhusa kufanya mikutano ya namna hiyo. Dar es Salaam nayo imefanya, kwa jina la TEDxDar. Lakini mkutano tunaotaka kuutaja hasa ni ule wa Arusha, uliofanyika tarehe 4 hata 7 Juni, 2007.

Walisema watu wakubwa pale. Alikuwapo Bibi Ngozi Okonjo-Iweala, aliyekuwa waziri wa fedha wa Nigeria, na Bwana Patrick Awuah wa Ghana, aliyeacha kazi nzuri Marekani akarudi kwao kuanzisha chuo cha Ashesi mwaka 2002. Hata hivyo, mmoja wa waliokumbukwa sana ni kijana wa miaka 19 kutoka Malawi, William Kamkwamba, naye hakutoa hotuba hasa. Aliulizwa maswali jukwaani, akajibu kwa Kiingereza cha shida, maneno machache tu: kwamba alijaribu, na akafaulu. Watu wakampigia makofi mengi.

Alifaulu nini? Mwaka 2001 njaa kubwa iliingia Malawi, ikaendelea mwaka uliofuata. Baba yake William, mkulima wa mahindi na tumbaku huko Wimbe, wilaya ya Kasungu, alikuwa na watoto saba, na nyumba nzima ikala mlo mmoja kwa siku. Ada ya shule ya sekondari, dola 80 hivi za Kimarekani kwa mwaka, haikupatikana. Kijana akaachishwa masomo, naye ndiyo kwanza ameanza. (Huku kwetu ada ya shule za serikali hata kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini mzazi aliyekwisha nunua sare, daftari na chakula anajua kwamba gharama hazikwisha.)

Basi William akaenda kusoma katika maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe. Huko akaona kitabu cha sayansi chenye picha ya vinu vya upepo. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, akafuata michoro, na neno asilolijua akalitafuta maana yake kwa kulilinganisha na picha. Akaokota vyuma kuukuu: feni ya trekta, shokapu, mabomba ya plastiki aliyoyapasha moto akayabanjua yawe mabawa. Akasimamisha mnara wa miti. Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 14 au 15, taa ikawaka. Mtambo ule ulitoa wati 12 tu, ukawasha taa nne na redio mbili, na majirani wakaja kupanga foleni ili simu zao zipate moto.

Hayo ndiyo yanayosimuliwa. Sasa tuangalie yaliyo nyuma yake. Baiskeli iliyofungwa juu ya mnara ilikuwa ya baba yake. Mbovu, ndiyo, lakini katika nyumba ya maskini hata baiskeli mbovu ni mali, na baba alikubali ikatwe. Dainamo ilinunuliwa na rafiki yake kwa fedha zake mwenyewe, kutoka kwa mtu aliyekuwa akipita njiani. Mama yake aliogopa kwamba mwanawe amerukwa na akili, wala hatumlaumu. Mama gani asingeogopa akimwona mwanawe akirudi kila siku na vyuma vya jalalani? Na vile vitabu vya maktaba vililetwa na shirika la kuwasaidia walimu. Mwaka 2006 Daktari Hartford Mchazime wa shirika hilo alifika Wimbe kukagua vitabu, akasikia habari ya mtambo ule. Hakuishia kustaajabu. Akawaita waandishi wa magazeti, akamsaidia kijana arudi shuleni baada ya kukaa nje karibu miaka mitano. Habari ikapita kutoka gazetini hata kwenye intaneti, ikamfikia Bwana Emeka Okafor, aliyekuwa akitafuta wasemaji wa mkutano wa Arusha.

Kwa hiyo kijana aliyesimama Arusha alikuwa amebebwa na baba, rafiki, maktaba na mkaguzi wa vitabu. Hatusemi kwamba hakufanya kazi. Kazi ilikuwa yake, na dhihaka za watu zilimwangukia yeye. Twasema tu kwamba katika dakika chache za jukwaani watu wale hawakuonekana. Baadaye, katika hotuba ya mwaka 2009 huko Oxford na katika kitabu alichokiandika pamoja na Bryan Mealer mwaka uo huo, aliieleza njia yake kwa urefu. Mwaka 2014 alimaliza masomo katika chuo cha Dartmouth, Marekani.

Huko huko Arusha alisema pia Bwana Corneille Ewango, mtaalamu wa mimea kutoka Kongo ya mashariki, ambako Kiswahili husemwa. Alilelewa katika jamaa ya wawindaji, kisha akawa mlinzi wa msitu wa Okapi, huko Ituri. Vita ilipofika, wakubwa wengi wakaondoka. Yeye akabaki na watumishi kama 30 wa vyeo vya chini. Akaificha mimea iliyokaushwa, kompyuta na maandiko ya utafiti, na mwenyewe akajificha msituni miezi mitatu. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya Goldman. Wale 30 hatuna majina yao.

Wa tatu tunampenda kwa ajili ya mama yake. Richard Turere, mtoto wa Kimasai wa Kenya, alichunga ng'ombe wa baba yake kando ya hifadhi ya Nairobi, na simba wakaja usiku kuwaua. Alijaribu moto, haukufaa. Akaweka sanamu ya mtu, simba wakaizoea. Usiku mmoja akatembea na tochi, akaona simba wanaogopa taa inayosogea. Basi akafunga taa kuzunguka zizi, kwa betri kuukuu ya gari na kifaa cha pikipiki cha kumulikamulika, zikawa zinawaka na kuzimika kwa zamu. Majirani wakamwomba, akafunga katika maboma saba. Mwaka 2013, akiwa na miaka 13, alisimama California kusimulia hayo. Alisema kwamba mambo ya umeme alijifunza kwa kuifungua redio mpya ya mama yake, na mama karibu amwue kwa hasira. Watu wakacheka. Sisi twauliza redio ile ilikuwa bei gani, na mama alikaa muda gani bila kusikia habari. Yeye naye alilipa ada, ingawa hakupewa risiti.

Walimu wetu, mkimwalika msemaji Maneromango, mwambieni mapema kwamba watoto watamwuliza: nani alikulipia? Nani alikukataza? Ulianguka mtihani gani, na ulikaa wapi mwaka ule? Mgeni mwema hatakasirika. Mkiwa na dakika 40, mpeni 15 za kusema, zinazobaki ziwe za maswali. Wala msiite wale tu walioondoka wakafika mbali. Mwiteni mkunga wa zahanati, mwiteni fundi baiskeli, mwiteni mwanamke aliyesomesha watoto kwa mikorosho yake; naye kama haya inamzuia, mwanawe mmoja asimame kando yake amsaidie.

Kadhalika wazazi waalikwe siku hiyo. Wawekewe viti ndani ya darasa pamoja na watoto wao, wasiachwe nje chini ya mwembe.