Kasa Wachanga Kati ya Joto la Mchanga na Mikondo ya Bahari

Jinsia ya kasa huamuliwa na joto la mchanga uliofukia mayai. Katika theluthi ya kati ya muda wa kuatamia, kiota chenye joto la chini ya takriban nyuzi 29 za Selsiasi hutoa madume wengi, na kinachozidi hapo hutoa majike. Ongezeko la nyuzi moja au mbili tu latosha kubadili kizazi kizima. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 kuhusu kasa wa kijani wa kaskazini mwa Australia, wengi wao wenye asili ya Kisiwa cha Raine, ulionyesha kuwa takriban asilimia 99 ya wachanga ni majike, ilhali kwa wakubwa ni asilimia 87. Joto likizidi nyuzi 33 kwa muda mrefu, mayai mengi huharibika, na vifaranga wanaonusurika huwa wadogo na dhaifu.

Udhaifu huo hugharimu mapema. Baada ya siku kati ya 50 na 60, vifaranga hupanda pamoja hadi karibu na uso wa mchanga na kutulia hapo mpaka upoe. Ndiyo maana wengi hutoka usiku. Kifaranga wa kasa wa kijani ana urefu wa kama sentimita tano. Akiguswa na maji huyakabili mawimbi moja kwa moja na kupiga mbizi, kisha huogelea karibu siku nzima bila kupumzika, akiishi kwa akiba ya kiini cha yai iliyobaki tumboni. Kaa, ndege na samaki humwinda njia nzima. Asiyefika kwenye maji ya kina kirefu upesi hana nafasi kubwa ya kupona.

Huko nje mikondo humpokea. Katika Bahari ya Hindi ya magharibi, Mkondo wa Ikweta wa Kusini hupita ncha ya kaskazini ya Madagaska na kufika Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Hapo hugawanyika: tawi moja hushuka katika Mlango wa Msumbiji, kwenye mizunguko mikubwa ya maji, na jingine hupanda kufuata pwani ya Tanzania na Kenya. Wakati wa kusi, tawi hili huendelea hadi Somalia. Kaskazi inapovuma, mkondo wa Somalia hugeuka kusini, maji hukutana karibu na Kenya na kuelekea mashariki baharini. Vifaranga wa ufuo mmoja walioanguliwa kwa miezi tofauti waweza hivyo kuishia mbali kabisa wao kwa wao.

Hata hivyo, mtoto wa kasa si gogo linaloelea. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2015, watafiti katika Ghuba ya Meksiko waliwawekea kasa wadogo vifaa vya setilaiti na kuwaachia pamoja na maboya yanayobebwa na mkondo. Baada ya siku chache njia zao zilitengana, ishara kwamba kasa walikuwa wakiogelea. Majaribio mengine yameonyesha kuwa vifaranga huhisi usumaku wa dunia na kugeuza mwelekeo kwa kuufuata. Duvi, kasa mwenye kichwa kikubwa, ni mfano mzuri kwa eneo letu: wachanga walionaswa na ndoana karibu na Réunion, walipoachiwa wakiwa na vifaa hivyo, wengi walielekea kaskazini, kuvuka ikweta hadi pande za Oman, ambako kisiwa cha Masirah kina mazalia makubwa ya duvi.

Mikondo hukusanya pia mwani unaoelea, ambao ni maficho na chakula, lakini plastiki hukusanyika papo hapo, na kasa mchanga huimeza bila kuitofautisha.

Ufukweni, bahari inayopanda hufunika viota vya chini. Walinzi wa kasa huhamisha vile tu ambavyo maji yangevifikia, maana kukihamishia kiota penye jua kali zaidi au kivuli kizito zaidi kwaweza kubadili uwiano wa majike na madume. Miti ya asili iliyo nyuma ya ufuo ina faida kubwa hapa: kivuli chake hupoza mchanga, na miti yenyewe hukinga taa za hoteli zinazowavuta vifaranga kuelekea nchi kavu.