Je, Wajua? Tone la oili hubadili mkazo wa bolti

Ukinunua silinda hedi Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi mjini Nairobi bado huiita Grogan, kisha ukampelekea fundi wako Kawangware au Dagoretti, muulize swali kabla hajashika spana: bolti zitafungwa kavu au zitapakwa oili?

Spana ya toki haipimi jinsi hedi ilivyobanwa. Hupima ugumu wa kuzungusha tu, na takriban asilimia 90 ya nguvu hiyo humezwa na msuguano: karibu nusu chini ya kichwa cha bolti, inayobaki kwenye nyuzi zake. Asilimia 10 hivi ndiyo inayoivuta bolti na kuigandamiza gasketi. Kwa hiyo kipimo kile kile, tuseme nyutonimita 80, hubana hafifu bolti ikiwa na kutu na hubana zaidi ikiwa na oili. Kitabu cha mtengenezaji ndicho husema kama bolti zifungwe kavu au kwa oili, si mazoea ya gereji.

Oili yenyewe ni ya kupaka, si ya kumimina. Shimo lisilotokea upande wa pili likijaa oili, bolti huishindilia, nayo haina pa kwenda. Bloku yaweza kupasuka.

Ukazaji hufanywa kwa awamu, kutoka katikati kwenda pembeni. Kuna bolti zinazomaliziwa kwa kuzungushwa digrii kadhaa, mara nyingi 90. Nyingi kati ya hizo huvutwa makusudi hadi zirefuke, na hazirudishwi tena injini ikifunguliwa, hata zikionekana nzima.