Baridi ya Mbulu na Kazi ya Chumba cha Giza

Mwezi Julai mjini Mbulu, maji yaliyolala kwenye ndoo hukata vidole asubuhi. Kwa anayechota ya kunawa ni kero tu. Kwa msafisha picha wa zama za mkanda, baridi ya namna hiyo iliweza kuharibu kumbukumbu za harusi nzima.

Mkanda wa picha hupakwa utando wenye chembe za chumvi ya fedha. Mwanga wa kamera ukizigusa, hubadilika kidogo mno, kiasi kwamba jicho halioni kitu. Dawa ya kwanza ndiyo huzigeuza kuwa fedha nyeusi, na dawa hiyo huenda kwa joto. Kwa picha nyeusi na nyeupe, kipimo cha kawaida ni nyuzi 20 za Selsiasi. Mkanda unaohitaji dakika 8 kwenye joto hilo huhitaji kama dakika 10 dawa ikishuka hadi nyuzi 18. Ikizidi kupoa, dawa hulegea, na shela ya bibi harusi hutoka rangi ya majivu. Ndiyo maana chupa za dawa ziliwekwa ndani ya karai la maji ya uvuguvugu, kipimajoto pembeni na saa ukutani.

Hatua ya kwanza ilifanywa kwenye giza totoro, kwa kupapasa: mkanda unatolewa, unazungushiwa kwenye kigurudumu, unafungiwa ndani ya tangi. Hata taa nyekundu haikuruhusiwa, maana mikanda mingi huathiriwa na mwanga wa rangi zote. Baada ya dawa ya kwanza huja maji yenye asidi ya siki ya kuisimamisha, kisha dawa ya kuondoa chembe ambazo hazikupata mwanga. Mwisho ni kuosha kwa maji mengi na kuanika pasipo vumbi. Maji ya chumvi yakikaukia juu ya negativu, yaani mkanda uliokwisha kusafishwa, huacha madoa, hivyo suuzo la mwisho lilitaka maji safi kama ya mvua.

Taa nyekundu ilikuwa ya kuchapa. Karatasi ikitumbukizwa kwenye trei ya dawa, kwa sekunde kadhaa ni nyeupe tupu. Kisha suti inaanza kutokea, halafu nywele, na mwisho kabisa mikunjo ya shela. Hapo ndipo fundi alipojulikana. Bwana harusi mwenye ngozi nyeusi aliyesimama kando ya gauni jeupe huweza kumezwa na giza kwenye karatasi, basi fundi, kabla ya trei, wakati mashine ya kukuzia inamulika karatasi kupitia negativu, alipitisha kiganja juu ya uso huo ili upate mwanga kidogo, huku gauni likiendelea kupata wa kutosha.

Studio za aina hii zina historia ndefu nchini. Huko Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akairithi. Picha za studio hiyo za Mji Mkongwe zimebaki kuwa hazina ya visiwa hivyo.

Rangi zilibadilisha mambo. Utaratibu wa C-41, ulioletwa na Kodak mwaka 1972, hutaka dawa ya kwanza iwe karibu nyuzi 38 kwa dakika 3 na sekunde 15, na kosa dogo tu la joto hupotosha rangi. Mwaka 1976 kampuni ya Noritsu ya Japani ilitoa mashine ndogo ya kusafisha na kuchapa hapo hapo dukani. Lakini mashine hizo zilikuwa ghali na zilitaka wateja wengi na umeme wa uhakika, mambo yanayopatikana zaidi katika miji mikubwa. Kwa mpiga picha wa Katesh au Dongobesh, ambako kabla ya Mkoa wa Manyara kuundwa mwaka 2002 makao makuu ya mkoa yalikuwa Arusha, mkanda wa rangi ulikuwa mzigo wa safari.

Ufundi wa chumba cha giza haukuwa wa studio peke yake. Hospitali yoyote yenye eksirei ya filamu, kama ile ya Kilutheri ya Haydom iliyoanza mwaka 1955, ilihitaji chumba cha giza na dawa za jamii ile ile.

Leo simu imechukua nafasi ya mkanda wa kamera. Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji vya jirani, picha za simu zilienea nchini ndani ya saa chache.

Negativu zilizobaki kwenye makabati bado zina kazi. Zihifadhiwe kwenye bahasha za karatasi, mahali pakavu, na zishikwe pembeni tu. Mwenye simu mbili anaweza kuweka negativu mbele ya kioo cheupe kinachong'aa cha simu moja, ikiinuliwa kidogo isikiguse, akaipiga picha kwa nyingine, kisha akageuza rangi kwa programu ya kuhariri. Sura ya babu itaonekana bila dawa wala maji.