Vanila ya hamira: karafuu iliwahi kuyaona haya

Kwa wasomaji wetu waliokulia Unguja na Pemba, harufu ya karafuu zilizoanikwa majamvini haihitaji maelezo. Wasilolijua wengi ni kuwa mafuta ya karafuu yaliwahi kugeuzwa vanila.

Mafuta hayo, pamoja na ya makonyo, yana kitu kiitwacho eujenoli. Tangu miaka ya 1890 viwanda vya Ulaya vilikitumia kutengenezea vanilini, ndiyo harufu kuu ya vanila. Katika karne ya 20 ikapatikana njia rahisi zaidi: mabaki ya viwanda vya karatasi, kisha petroli. Karafuu ikawekwa kando, na mkulima hakuulizwa.

Sasa zamu ni ya vijidudu. Mwaka 2009 wanasayansi walioko Denmark walieleza jinsi walivyoipandikiza hamira, hii hii ya kuumulia mkate, jeni za viumbe vingine, ikawa inakula sukari na kutoa vanilini. Mwaka 2014 kampuni ya Evolva ya Uswisi na IFF ya Marekani zikaiingiza sokoni, tena kwa jina la bidhaa ya asili. Mwaka 2021 Joanna Sadler na Stephen Wallace wa Chuo Kikuu cha Edinburgh wakatumia bakteria kugeuza malighafi ya chupa za plastiki kuwa vanilini. Asilimia 79 ya malighafi hiyo iligeuka.

Kwa mazingira ni jambo la heri, na hatulipingi. Kupunguza petroli na taka za plastiki ni faida ya wote.

Lakini wapo watakaoumia. Mkulima wa vanila wa Madagaska, Komoro au Uganda huchavusha ua moja moja kwa mkono, kwa njia iliyobuniwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 kisiwani Réunion. Hamira haichoki wala haidai ujira.

Hata hivyo hamira hutoa vanilini tu, na vanila halisi ina mamia ya viungo vya harufu ndani yake. Hapo ndipo penye nafasi ya mkulima: auze kitu kizima, kwa jina la mahali kilikotoka.

Nasi Wazanzibari tusijidanganye kuwa hili ni la jirani. Eujenoli nayo ni harufu kama nyingine. Anayetegemea kuuza gunia tupu lisilo na jina, siku moja atakuta mnunuzi amehamia kwenye pipa la hamira.