Mlima Uliopoza Dunia

Twasikia wengi wakisema kuwa jivu la volkano ndilo lizuialo jua. Lakini jivu huanguka upesi. Kinachodumu ni kingine. Aprili 1815, mlima Tambora wa kisiwani Sumbawa, Indonesia, ulipasuka ukawaangamiza maelfu ya ndugu zetu Waislamu. Hewa ya kiberiti upele iliyotoka humo ilipanda juu kupita mawingu, pahali ambapo mvua haifiki kuiosha, ikageuka matone madogo mno ya asidi. Matone hayo yalienea duniani, yakairudisha juu sehemu ya nuru ya jua. Mwaka 1816 Ulaya ilikosa kiangazi, mazao yakaoza mashambani. Walioshikwa na njaa huko Uswisi hawakujua kabisa habari ya Tambora.