Misa Haikatwi Vipande

Kila nikimaliza semina ya liturujia parokiani, haikosi mtu wa kuuliza: "Mwalimu, nikifika kabla ya Injili, Misa yangu si imetimia?" Haijatimia. Wanaofundishana hivyo kwenye jumuiya ndogo ndogo waache.

Hakuna sheria ya Kanisa inayoweka Injili kuwa mpaka. Kanuni ya 1247 ya Sheria za Kanisa inamtaka mwamini ashiriki Misa. Haimruhusu kuchagua kipande. Chimbuko la dhana hii ni vitabu vya zamani vya maadili, vilivyopima uzito wa dhambi ya mchelewaji kwa kuangalia amekosa sehemu gani. Kilikuwa kipimo cha waungamishi; watu wamekigeuza kibali.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano haukuacha utata. Hati yake ya liturujia, Sacrosanctum Concilium, ya tarehe 4 Desemba 1963, inasema katika namba 56 kwamba Liturujia ya Neno na Liturujia ya Ekaristi ni tendo moja la ibada, na waamini wahimizwe kushiriki Misa nzima. Namba 7 inaongeza kuwa Maandiko yanaposomwa kanisani, Kristo mwenyewe ndiye anayesema. Kama Neno ni utangulizi tu, kwa nini basi huko vigangoni, padre asipofika, waamini hukusanyika Dominika na katekista wao kulisikiliza?

Tazama jambo moja tu linalompita mchelewaji. Kabla ya masomo, padre anasema "Tuombe," kisha ananyamaza. Wengi hudhani anatafuta ukurasa. Kimya kile ni chako: hapo unamwekea Mungu nia yako, mgonjwa wako, ada ya mtoto, shukrani ya mavuno. Ndipo padre anazikusanya nia zote katika sala moja, na "Amina" yako inaitia muhuri. Aliyeko njiani hakuweka kitu.

Wala kuwahi peke yake si kushiriki. Namba 14 ya hati ile ile ya Mtaguso inadai ushiriki kamili, wa kujua unachofanya na wa kutenda; namba 30 inataja viitikio, nyimbo, ishara za mwili na pia kimya kitakatifu. Unaweza kupiga magoti kwa wakati wake na kuitikia bila kukosea, huku moyo uko sokoni. Huko ni kuhudhuria tu.

Basi fanya hivi. Jumamosi jioni soma masomo ya kesho. Chagua nia moja. Fika robo saa kabla, zima simu, imba hata kama kwaya ina sauti nzuri kuliko yako. Ukishapokea Komunyo, nyamaza na uzungumze na Bwana. Ukiwa mgonjwa au unalea mtoto mchanga, Katekisimu namba 2181 inautambua udhuru wako, usijihukumu. Gari likikuchelewesha, ingia, shiriki kilichobaki kwa moyo wote, na kama ipo Misa nyingine siku hiyo nawe unaweza, rudi uishiriki tangu ishara ya msalaba hadi baraka.